Ngozi ya Chatu Iliyooza

Kila Julai, baridi ya Kitengela inapoanza kupasua midomo ya watoto, mimi hununua chupa ya glisirini, na kila nikiifungua hasira hunipanda. Glisirini yenyewe haina harufu ya kusema. Ni utamu mdogo tu unaokaa nyuma ya pua. Lakini pua yangu huongeza yenyewe kile kinachokosekana: spiriti, ile kali ya kutoa machozi, na chini yake harufu ya ngozi mbichi ya nyoka, ambayo ni kama samaki aliyesahauliwa ndani ya ndoo. Watu wengine wakikutana na harufu ya utotoni hutabasamu. Mimi hutafuta mtu wa kugombana naye, na mume wangu, ambaye amenizoea, siku hiyo huondoka nyumbani mapema.

Wacha niwaeleze hasira hii ilitoka wapi, halafu nyinyi wenyewe mtaamua kama nimezidisha.

Baba alitoka Ukambani kuja kuchimba mawe, miaka ile Kitengela ilipokuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga na nyumbu wakipita nyuma ya choo chetu bila kubisha hodi. Siku moja jiwe likamwangukia mguuni. Alipopona hakuweza tena kusimama shimoni kutwa, akarudia kazi aliyoiona kwa babake, kazi ya ngozi. Ila babake alitengeneza ngozi za mbuzi, na mbuzi wa huku walikuwa wa Wamaasai, ambao hawakuhitaji Mkamba wa kuwaonyesha ngozi inavyotumiwa. Nyoka hakuwa na mwenyewe. Machimboni walijaa chini ya mawe, hasa vifutu, wale nyoka wanene wavivu, na wachimbaji waliwaua na kuwatupa. Baba akawaomba wasiwatupe.

Aliyetuletea wengi ni Musyoka, kijana mrefu aliyesifika kwa macho yake. Kifutu ana rangi ya vumbi na mawe, na asiye makini humkanyaga kabla hajamwona, kwa hiyo asubuhi wenzake walimtanguliza Musyoka kwenye kifusi. Yeye alimwona nyoka akiwa bado mbali, akampiga kichwani mara moja. Hakuwapiga mgongoni kamwe, kwa sababu Baba alikuwa amemfundisha kwamba ngozi iliyopondwa mgongo ni ya kufungia mpini wa jembe. Jioni alikuja na nyoka akining'inia kwenye fimbo, akasimama langoni na kuita, "Mwende wa nyoka, mgeni wako huyu."

Mwende ni mimi. Jina hilo la nyoka lilinifuata hadi shuleni, na nilijifanya linaniudhi.

Siku hizi najua kwamba kulikuwa na sheria kuhusu wanyama wa porini na kwamba tulipaswa kuwa na karatasi fulani. Wakati huo sheria ilipita barabarani ndani ya gari na haikushuka kwetu. Watu wa kanisani ndio waliokuwa na maswali. Mama mmoja wa ushirika alimvuta Mama pembeni na kumuuliza kwa upole kama nyama tunaila. Mama alikasirika wiki nzima. Hakupenda nyoka, hakupenda kibanda cha Baba, na kijiko tulichokwangulia ngozi alikipaka rangi nyekundu kwenye mpini ili kisirudi jikoni. Kilirudi mara moja. Kaka yangu hadi leo hukagua kijiko kabla ya kunywa uji.

Mimi nilikipenda kibanda kile kuliko nyumba. Kilikuwa cha mabati na magunia, kiko nyuma ya uwanja, na ndani yake kazi ilikuwa na mpango wake. Baba alimlaza nyoka chali, akampasua tumboni kuanzia koo hadi mkiani, na ngozi ikavuliwa kama soksi. Kisha ilikuwa zamu yangu. Niliitandaza kwenye ubao, nikakwangua mafuta na vipande vya nyama kwa kijiko, polepole, kwa sababu ngozi ya nyoka ni nyembamba na ukikwangua kwa pupa utatoboa. Tuliiosha, tukaitia kwenye ndoo yenye kifuniko, nusu glisirini, nusu spiriti. Humo ilikaa siku kadhaa, nikiigeuza asubuhi na jioni. Halafu tuliipigilia misumari kwenye ubao, kivulini, na mwisho tukaivutavuta kwenye ukingo wa meza hadi ikalainika. Kutoka hapo ilikuwa mkanda, au pochi, au viatu vya mtu wa Nairobi aliyetaka kuonekana. Ngozi, Baba alisema, haitaki haraka na haitaki jua. Alisema hivyo kila siku, kama sala, hata kwa wateja ambao hawakuuliza.

Alikuwa pia na maneno mengine ambayo aliyasema mbele ya watu, na niliyala kama asali. Alisema mkono wangu unasikia ngozi. Kaka yangu aligusa ngozi na kuuliza kama ni tayari. Mimi niligusa nikajua. Mama alipolalamika kwamba ananiharibu, kwamba nitaolewa na nani nikiwa nanuka hivi, Baba alicheka na kusema nitaolewa na mtu mwenye mafua.

Kitu kimoja tu hakuniruhusu, nacho kilikuwa kisu. Kukata ilikuwa kazi yake peke yake, kwa kuwa ngozi iliyokatwa vibaya hairudi. Lakini aliniahidi. Ngozi kubwa ya kwanza nitakayoitengeneza mwenyewe mwanzo hadi mwisho, ikitoka vizuri, nitaikata mwenyewe, na tangu siku hiyo nitakuwa na kiti changu kibandani, si mtoto wa kusaidia bali fundi. Wenzangu darasani waliota shule za bweni. Mimi niliota kiti hicho, na hata nilikuwa nimechagua upande kitakapokaa, ule wa dirisha.

Sasa niwaambie kuhusu Mjomba Kioko. Alikuwa mdogo wa Mama. Nyanya yetu alifariki Kioko akiwa bado ananyonya, na Mama, mwenyewe mtoto, alimlea kwa kumfunga mgongoni akienda mtoni na kurudi. Alipokuwa kijana akaja kukaa kwetu kutafuta kazi, na kazi ikamkwepa, au yeye ndiye aliyeikwepa. Alikuwa mchekeshaji. Aliweza kumwiga mchungaji, chifu, na mbuzi aliyekwama kwenye ua, na kanisani sauti yake ya pili ilifanya akina mama wafumbe macho. Nilimpenda. Nasema hivyo ili mjue kwamba hasira yangu haikuanzia kwenye chuki. Yeye ndiye aliyetumwa Nairobi kununua spiriti, na mitungi ya spiriti ilikaa stoo, ambako ndiko alikolala.

Na kulikuwa na mwiko. Baba aliutoa kwao, kwa babake: mwanamke aliye mwezini hagusi ngozi inayotengenezwa, maana itaoza. Mama siku zake zikifika hakuanika hata nguo karibu na kibanda. Nilikua nikiuona mwiko huo kama nilivyoona viatu vya Mama chini ya kitanda, kitu cha watu wakubwa kisichonihusu.

Chatu alikuja wakati wa likizo ya Agosti. Aliletwa na mzee mmoja wa Kimaasai kutoka upande wa Mashuuru, nyuma ya pikapu ya kuazima, amefunikwa turubai. Chatu huyo alimeza mbuzi, akashiba mno kukimbia, na vijana wa mzee wakamkuta amelala kwenye njia ya maji, wakamuua. Mzee alisalimu, "Sopa," Baba akaitika, "Ipa," na wakasimama wakiangalia lile rundo. Kisha mzee akasema hataki kitu ila mshipi wa kubebea sime yake.

"Huyu alikula mbuzi yangu," alisema. "Sasa mimi nitamvaa."

Baba akanigeukia mbele ya mgeni na kusema, "Hii ni ya Mwende." Mzee akaniangalia kwa makini, akatikisa kichwa kukubali, na hakucheka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilihisi nimeota mabega.

Nilimkwangua chatu yule kwa kutwa mbili na mikono ikavimba. Ngozi yake ilikuwa na ramani ya kahawia na manjano ambayo hata Mama alikuja kuitazama kutoka mlangoni, mikono nyuma. Kisha nikaenda stoo kuchukua spiriti, nikaimimina kwenye kipimo, na tone likaniangukia nyuma ya mkono.

Nyinyi mliowahi kudungwa sindano mnajua spiriti inavyofanya. Huuma kwa baridi, na kabla hujataja jina lako imekauka. Tone lile lilikaa. Lilikaa tu mkononi mwangu kama tone la maji ya kisima, na nikalisubiri, na halikwenda popote. Nikamwambia Baba kwamba spiriti hii si kali. Baba alikuwa na mkanda wa mteja mapajani na misumari mdomoni. Akajibu kwamba Mjomba aliitoa duka lile lile, kwamba ni baridi ya Agosti inanidanganya, nimimine. Nikamimina. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Methali hiyo haisemi lolote kuhusu mkuu asiyesikia la mdogo.

Kesho yake asubuhi niliamka na damu.

Nilimwambia Mama nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini. Hakunikaripia. Alinipa kitambaa, akanionyesha namna ya kukikunja, na akaniambia nisikaribie kibanda mpaka ziishe. Nikamuuliza nani atageuza ngozi. Akasema atamwambia kaka yangu. Na nataka mlishike hili vizuri, kwa sababu ndilo linalonikata maini hadi leo: nilitii. Sikugusa ndoo ile. Sikukanyaga hata kivuli cha kibanda. Nilikaa jikoni nikichagua ndengu na kumwuliza kaka yangu kila alipopita kama ameigeuza, mpaka akaanza kupitia mlango wa mbele. Mama alinichunga kwa macho muda wote. Alijua nilipokuwa kila dakika.

Siku Baba alipofungua ndoo, harufu ilitufikia jikoni. Tulitoka sote. Baba alikuwa ameinua ngozi kwa fimbo, na magamba yalikuwa yakidondoka yenyewe, yakiteleza kama maganda ya maharagwe yaliyolowekwa. Ile ramani nzuri ilikuwa inabaki ndani ya ndoo. Mjomba Kioko alisimama karibu na mlango wa stoo, mkono puani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Sikulia. Nilienda moja kwa moja stoo, nikampita Mjomba, nikachovya kitambaa cha kupangusia kwenye mtungi ule ule na kurudi nacho kikidondoka. Nikakining'iniza mbele ya Baba.

"Baba, washa kiberiti," nikasema. "Ikishika moto, mimi ndio niliharibu. Isiposhika, hii ni maji."

Baba alikuwa mvutaji. Kiberiti hakikumtoka mfukoni hata kanisani. Aliniangalia, akaangalia kitambaa, na nikaona kwamba amenisikia, kwamba lile tone nililomwambia limemrudia. Mkono wake ukaingia mfukoni. Nilisikia njiti zikicheza ndani ya kasha.

Ndipo Mama akasema, "Mwende ameanza kwenda mwezini. Aligusa hiyo ngozi."

Alisema bila kupaza sauti, kama anayetaja bei ya nyanya. Mbele ya Baba, mbele ya kaka yangu, mbele ya Mjomba Kioko. Nilihisi uso ukichomeka hadi masikioni. Kitu nilichomwambia kwa kunong'ona nyuma ya nyumba kilikuwa kimesimama katikati ya uwanja na kila mwanamume wa nyumbani alikuwa anakitazama. Nilitaka kusema kwamba sikugusa, kwamba yeye mwenyewe anajua sikugusa, lakini ulimi ulikataa, kwa kuwa kusema hivyo ni kuanza kuzungumza na Baba juu ya damu. Aibu ilinifunga mdomo, na aliyeitumia alijua itafunga.

Mkono wa Baba ukatoka mfukoni mtupu.

Hakunipiga. Laiti angenipiga, ningekuwa na kidonda cha kuonyesha. Alisema tu, "Kumbe," akaweka fimbo chini, akaniambia niende nikanawe na nikae jikoni na mamangu. Kiti cha upande wa dirisha hakikutajwa tena.

Mzee wa Mashuuru aliporudi kuulizia mshipi wake, Baba alimweleza kwa kuzunguka sana kwamba kulikuwa na mambo ya kike na ngozi ikaharibika. Nilikuwa nafua nguo karibu, nikainama karibu niingie ndani ya karai. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaonekana kushangaa kikweli.

"Kwetu ngozi ni kazi ya wanawake," akasema. "Wao ndio hukwangua, wao ndio hukausha. Siku hizo zikifika nani hufanya? Wewe?"

Baba akacheka kicheko cha heshima na kusema kila watu na desturi zao. Mzee akaenda zake bila mshipi. Nilimwangalia akivuka barabara, shuka lake likipigwa na upepo, na nilitamani kumfuata hadi kwake nikawaombe wake zake wanichukue.

Hayo yangeishia hapo, ningekuwa mtoto aliyekosewa, na watoto wanaokosewa ni wengi kuliko mawe ya Kitengela. Lakini hayakuishia hapo.

Baada ya wiki chache, Jumamosi moja machimboni, watu walikunywa pombe kwenye kibanda cha mauzo kilichokuwa huko chini, na Jumapili waumini wakitoka kanisani wakakuta wanaume wanaongozwa kwa mkono, hawaoni. Wengine walipelekwa hospitali wakarudi. Mmoja hakurudi. Musyoka alirudi bila macho. Ilisemekana kwamba muuzaji alikuwa ameongeza spiriti ili pombe iwe kali. Wiki hiyo hiyo Mjomba Kioko akapata kazi Voi, ghafla, yeye ambaye kazi ilimkwepa. Mama alimfungia chapati kwenye karatasi ya gazeti na kumsindikiza hadi barabarani. Nakumbuka alirudi amevimba macho na nikamhurumia.

Mtoto hajui kuunganisha. Nilichoona mimi ni kwamba hakuna tena mtu aliyeita langoni. Baba alichukua vijana wawili wa kumsaidia, mikono yao haikusikia chochote, wakatoboa ngozi nyingi kuliko walizotengeneza, na baada ya muda akafunga kibanda na kuanza kushona viatu vya shule vilivyochanika. Mimi naye tuliendelea kusalimiana vizuri sana. Alikufa nikiwa mtu mzima, na hatukuwahi tena kuzungumza juu ya ngozi, hata ya mbuzi.

Mjomba nilimgundua nikiwa sekondari. Mwalimu alitumwagia spiriti mikononi kutuonyesha inavyokauka, ikauma kwa baridi na kutoweka, na nikabaki nimeshika mkono hewani darasa zima likinicheka. Nikajua mtungi ule ulikuwa maji, na nikajua nani alilala nao. Hata pombe nikaiunganisha. Siwezi kuapa kwamba spiriti iliyomla Musyoka macho ilitoka stoo kwetu. Huenda muuzaji alikuwa na wengine wa kumletea. Lakini Mjomba hakuwa akiimwagia maua. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Mjomba Kioko ilifika Voi, na huko alioa, akazaa, na anaimba bado.

Mama nilimwacha nje ya hesabu. Nilijiambia alikosea kama Baba, kwamba aliamini mwiko, kwamba alidhani labda nilichepuka asiponiona. Mtu humtafutia mamake njia ya kutokea hata kama ni kupitia tundu la sindano.

Julai iliyopita alikuja kukaa nasi. Binti yangu Mumbua alikuwa ameanza siku zake juma hilo, na mimi, kwa makusudi kabisa, nilikuwa nimempikia pilau ya kusherehekea. Asubuhi nilimtuma achume sukuma wiki shambani nyuma ya nyumba. Nilikuwa sebuleni nafungua chupa ya glisirini niliposikia sauti ya Mama uani, ikimwambia Mumbua asiingie humo akiwa mwezini, atoke, sukuma itakauka. Kisha nikasikia mwanangu akimwambia nyanyake pole, Susu.

Ile pole ndiyo iliyonitoa nje. Mama alikuwa ameketi juani na ungo wa ndengu mapajani. Nilisimama mbele yake nikimzibia jua.

"Mama, unakumbuka ngozi ya chatu?"

"Nakumbuka."

"Ulijua ile spirit ni maji."

Aliendelea kuchagua. Alitoa kijiwe, akakitupa.

"Nilijua," akasema. "Nilimpata Kioko asubuhi akiongeza maji kwa mtungi. Nikamwambia awache."

"Na ulijua mimi sikugusa."

"Mwende, babako angemfukuza. Angemshikisha na polisi. Kioko hakuwa na mtu mwingine isipokuwa mimi. Wewe ulikuwa na sisi." Akainua macho akaniangalia, na hakukuwa na aibu ndani yake, kulikuwa na uchovu tu. "Wewe ungepona."

Miaka yote hiyo nilidhani nilihukumiwa kwa makosa. Baba ndiye aliyekosea. Mama hakukosea. Alikuwa na watoto wawili wa kuchagua, Kioko na mimi, wote aliowabeba mgongoni mwake, na uongo mmoja wa kumtwika mmoja wao, akatazama nani anaweza kuubeba, akaniona mimi. Na ni kweli, nilipona. Nina nyumba, nina kazi, nina mume anayejua siku ya kuondoka mapema. Hilo ndilo linalonikasirisha zaidi, kwamba hesabu yake kwangu mimi ilikuwa sawa.

"Na Musyoka?" nikauliza.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Musyoka huketi siku hizi nje ya duka la nduguye hapa mjini, mimi hupita hapo kila wiki, naye hunitambua kwa sauti na kuniita Mwende wa nyoka. Huenda angekuwa na macho yake kama njiti moja ya kiberiti ingewashwa siku ile uwanjani. Mama anampita pia. Huwa hamsalimu, na nilikuwa nikidhani ni uzee.

Alirudia kuchagua ndengu. Nilisubiri mpaka jua likanichoma shingoni, na kesho yake akafunga mzigo wake kurudi Ukambani.

Lakini kabla ya kwenda alimwita Mumbua. Nilikuwa dirishani, nikawaona. Alimshika mkono, akamwingiza shambani mwa sukuma, katikati kabisa, akachukua vidole vya mtoto na kuviweka kwenye jani. "Chuma," akamwambia. "Chuma za kutosha." Alisimama hapo na viatu vyake vya safari kwenye matope hadi beseni likajaa. Kisha akatazama dirishani nilipokuwa, akanitazama kwa muda, na nilijua kwamba anaomba radhi. Sikutoka nje.

Hiyo ilikuwa ya Mumbua. Yangu bado, na Musyoka angali ameketi nje ya duka. Ile sukuma tuliila hadi mvua za Novemba, haikukauka hata jani moja, na kila nilipoikata hasira ilinipanda upya, kwa sababu sasa nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba kuuvunja mwiko kulikuwa rahisi hivyo tu.